Walioitika Langoni

Katika nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu niliyokuwa nikipika, mtu hakuhesabiwa kuwa amerudi safari mpaka aitwe jina lake langoni na aitike. Ukiwa umekufa njiani, umetoroka, umechukuliwa na mamba wa Ruvu, yote mamoja. Karani aliita, pakawa kimya, na kimya kile kikawekwa juu ya kichwa cha mnyapara aliyekuchukua. Ukiitika, yamekwisha, unaingia uwani unakula.

Tajiri mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi ingawa nina sababu zangu za kusema vingine. Mji wa Bagamoyo ulikuwa ukimsengenya kuwa misafara yake inakula watu. Maneno yalimfikia, akaona haya, maana alikuwa mtu wa tasbihi na sala za jamaa. Ndipo alipoweka kanuni mpya: mnyapara asipimwe kwa pembe peke yake, apimwe na kwa watu. Ambaye majina yake yote yataitika atavishwa joho, ataketi barazani pamoja na tajiri, na atachagua safari aitakayo. Mwenye kimya kingi atashushwa. Niliposikia habari hiyo nilimwombea dua kwa sauti, masufuria yakinisikia. Nilisema leo amepatikana tajiri anayemjali mpagazi.

Wakati huo Wajerumani walikuwa bado hawajapandisha bendera yao. Mimi nilikuwa mpishi wa uwani, mwanamke wa pwani, mwenye ulimi, sikatai. Wapagazi hula kwa kambi: watu wachache, chungu kimoja, na hao ndio ndugu zao tangu Unyamwezi mpaka baharini. Hujuana mpaka mikoromo. Anayemgawia mtu chakula kila siku humjua kuliko anayempa mzigo, na mimi niliwajua.

Mnyapara aliyewashinda wote kwa kipimo kile kipya alikuwa mtu wa maneno laini. Hakushika kiboko. Kanzu yake ilikuwa safi hata siku ya kuingia mjini, na alinukia udi. Misafara ya wenzake iliingia kwa bunduki, ngoma na vigelegele vya wanawake; wake uliingia taratibu, kila mtu akitazama visigino vya aliyemtangulia. Karani aliita, na kila jina likaitikiwa upesi, kwa sauti moja ya chini, kama watoto wa chuo wanaomwogopa mwalimu. Hapakuwa na kimya hata kimoja. Watu walimsifu kuwa ana dawa ya njia.

Alikuwapo na mnyapara mwingine, mtu mzima mwenye kovu kidevuni. Huyu alirudi na majina mengi yasiyoitikiwa, akasimama mbele ya tajiri akaeleza la kila mmoja: huyu ndui, huyu mto ulimchukua na mzigo wake, huyu nimemwacha kwa jumbe na nguo za kumtunza. Alilia akisema. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akamshusha. Akawekwa kulinda kisima cha uwani. Mtu aliyevusha misafara Ugogo akawa analinda ndoo.

Basi ikawa kila msafara wa yule mnyapara laini ukiingia, mimi jikoni napata mashaka. Kambi zake zilikula kama watu waliokutana kivukoni. Hakuna aliyemchokoza mwenzake, hakuna aliyegombea mnofu. Siku moja nilimwita mmoja kwa jina aliloitikia langoni asubuhi ile ile, aje achukue chungu. Hakugeuka. Nikaita tena. Aliyekaa naye akamsukuma kwa kiwiko, naye akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Naam, naam, mama. Ndimi."

"Kumbe jina lako hulijui?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikamwuliza yule wa kiwiko, "Huyu mwenzio mmeanza lini kula chungu kimoja?" Akanitazama, akatazama chini, akasema, "Zamani."

Nilikwenda kisimani kumweleza mlinzi wa ndoo. Akanijazia mtungi bila haraka.

"Bibi, bara hairudishi wote," akasema. "Haijapata."

"Basi hawa ni nani?"

"Hawa ni walioitika."

Sikupenda jibu lile. Nilimwambia ana uchungu wa joho, nikajitwika mtungi wangu nikaenda.

Sasa nimseme mume wangu. Alikuwa mtu wa Unyamwezi, mpagazi, aliyesilimu na kuniposa kwa adabu zote. Siku zile kwetu mwanamke wa pwani kuolewa na mtu wa bara ilikuwa kichekesho. Mjomba wangu aliyenioza alikaa katika ndoa uso umemkunjamana kama aliyeramba ndimu, akasema, "Umeolewa na njia, mwanangu. Siku njia ikimwita hutamzuia." Tuliishi upande wa Kaole, tukilima muhogo, na katika uwanja wa tajiri sikumwambia mtu. Vicheko vya jikoni navijua. Kwa hiyo hakuna mnyapara aliyejua kuwa yule mpagazi mrefu ana mke pale pale penye masufuria. Wao waliamini, kama pwani nzima ilivyoamini, kuwa mpagazi hana mtu pwani.

Mwaka ule alitaka kwenda kumwona mama yake mara moja, na mtu wa kwao haendi bure wakati mizigo ipo. Akachagua msafara wa mnyapara laini. Nilimweleza niliyoyaona vyunguni. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weye mke wangu wapima watu kwa mwiko," akasema. "Kwake wanarudi wote. Nami nataka kurudi."

Ningemjibu nini? Kila aliyetaka kurudi alitaka kwenda naye. Nikamtia kiraka chekundu kwenye shuka lake lililochanika begani, nikampa mkono, akaenda.

Waliporudi nilikuwa nimesuka nywele na kuvaa kisutu kipya. Nilisimama mlangoni mwa jiko. Karani alikuwa langoni, macho yake yako kwenye pembe zilizokuwa zikitelemshwa, kinywa chake kinaita majina. Hakupata hata siku moja kuwatazama wapagazi usoni. Likaitwa jina la mume wangu.

"Naam!"

Furaha ilinipanda hata nikaona kiwi. Nikasogea mbele, natafuta kimo chake kwenye mstari. Nikaliona shuka. Nikakiona kiraka changu chekundu begani. Aliyelivaa akainua uso, na alikuwa mtu mwingine: mfupi, mkondefu, sikio moja limechanika.

"Huyo siye!" nikapiga kelele.

Karani hakugeuza hata shingo. "Ameitika, bibi."

"Nasema siye! Mtazame uso!"

"Safari hubadilisha uso."

Mnyapara alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nianze kumpikia. "Bibi amjuaje huyu?" akauliza kwa upole.

"Ni mume wangu."

Niliona kitu kikimpita usoni, kidogo tu. Alikuwa amekosea mtu mmoja. Kisha akatabasamu. "Basi shukuru, bibi, mumeo amekuja. Homa imemla, mpe uji." Karani akaita jina lililofuata, nalo likaitikiwa.

Yule mtu aliletwa jikoni kwangu kama mume anavyoletwa. Akakaa chini karibu na mafiga, magoti ameyakumbatia.

"Shikamoo, mama."

Sikumwitikia. Nilitia uji katika kifuu nikauweka mbali naye, autambalie. Akaunywa. Halafu kwa sauti ya mtu anayesoma alichofundishwa, akaniuliza kama upo ukoko wa wali. Mwiko ulinianguka. Ukoko mume wangu alikuwa akiugombea na paka.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe, mama."

Ndipo aliponisimulia, na alisimulia akitazama mlango. Yeye alitoka lango lile lile la tajiri, katika msafara wa zamani wa mnyapara yule yule. Mguu ukavimba, akaachwa Usagara katika banda la nyasi, pamoja na wagonjwa wengine. Kila mnyapara huyo akipita kutoka bara, huingia bandani akauliza nani aweza kusimama. Anayesimama hupewa mzigo wa mtu aliyeanguka, na jina lake. Njia nzima mpaka pwani hufundishwa kuliitikia.

"Na jina lako weye?"

"Nilimwuliza, mama. Nilimwambia, miye nna jina langu. Akanambia, lako lishaitika."

Nilikaa chini. Maana yake nikaiona polepole, na kila nilipoiona nilitaka kuifumbia macho. Mtu mwingine alisimama langoni zamani akaitika kwa jina la huyu, akala, akaenda zake. Huyu, akisema jina lake la kweli, ni mtu aliyekwisha kurudi. Hana pa kurudia tena.

"Mume wangu yu hai?"

"Waliponisimamisha miye, yeye ndo aliletwa bandani. Kifua, mama. Tulikaa pamoja kutwa. Kanifunza mambo yake. Kanambia mkewe ni mpishi, mkali, ila nsimwogope." Akaniangalia kwa haya. "Nilimwacha hai."

Nililia na kucheka kwa pamoja, kisha nikampa ukoko.

Ijumaa baada ya sala palikuwa na kikao cha kuwapima wanyapara. Waliketi barazani, joho limekunjwa mkekani mbele yao, tajiri anavuta tasbihi. Wanawake wa jikoni hawakuwa wakipanda baraza ile. Nilipanda, yule mtu nimemkamata mkono, na mwiko nilikuwa nao bado. Nikasema yote. Sikupamba wala sikupunguza.

Tajiri akamwuliza yule mtu, "Weye nani?"

Alifungua kinywa. Akamtazama mnyapara wake, aliyekuwa amekaa na udi wake na utulivu wake. Kisha akataja jina la mume wangu. Wallahi nilitaka kumpiga na mwiko. Baadaye ndipo nilipomwelewa: angesema lake, wangemfunga kwa kuwa mwizi wa jina la mtu.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa kisima. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, ndoo mkononi. Hakubishana na mtu. Aliita jina moja tu, la mpagazi aliyepata kula katika kambi zake zamani, kabla hajaenda na mnyapara laini; aliliita kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemwita mwenzake aje waondoke. Na yule mtu akageuka. Aligeuka kabla hajajua kuwa amegeuka, akasema naam kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, nzito, ya mtu mzima.

Mnyapara ndiye aliyesema kwanza, wala hakukana.

"Bwana ulisema majina yaitike," akasema. "Yameitika. Ningesema kweli kama huyu wa kisima, ningekuwa kisimani."

Hasira zangu zilikuwa juu, na tajiri akaacha kuvuta tasbihi. Mnyapara akaendelea taratibu. Banda lile analijua yeye. Njia ile anaijua yeye. Akifukuzwa leo, walioko kule nani atawaleta?

Tajiri alilichukua joho akaliweka nyuma yake. "Utarudi," akamwambia. "Safari hii sitazami pembe. Nitakupima kwa watu wa banda tu. Majina yao unayajua kuliko mimi; mtajie karani ayaandike. Kila mmoja aitike hapa langoni, mbele yangu mwenyewe. Ukinikosesha hata mmoja, usikanyage tena nyumba yangu."

Nikambusu mkono. Niliona haki imefanyika kweupe, tena mbele ya wanaume, na mimi ndiye niliyeileta. Nilishuka ngazi kichwa juu. Mlinzi wa kisima hakufurahi.

"Kampa kipimo kile kile," akasema.

"Weye kila kitu kwako kibaya," nikamjibu. Sikutaka kumsikia.

Miezi ile ya kungoja sitaki kuirudia. Yule mtu alibaki uwanjani akichota maji na kupasua kuni. Watu waliendelea kumwita kwa jina la mume wangu, maana kwa hesabu ya nyumba ndilo lililokuwa lake, na baada ya muda aliacha kusitasita. Mimi nilimwita "weye." Siku moja nilikuwa napeta mchele, nikasikia nyuma ya ukuta kikohozi cha mume wangu, kile cha mara tatu na pumzi ya kujivuta. Nilitupa ungo nikatoka mbio. Alikuwa yule mtu, ameinama kwenye gogo, shoka mkononi, kiraka changu begani. Akaniomba radhi. Akasema hajui kikohozi kile kimemwingia wapi.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu kumwuliza niombe dua gani, ya msafiri au ya maiti. Alifikiri sana. Akasema kwa ushahidi wa nyumba ile mume wangu ameitwa na ameitika, na mwanamke ambaye mumewe amerudi hakai eda. Nikamwuliza, na mwanamke ambaye mumewe hajarudi? Akasema huyo angoje. Nikatoka pale si mke, si mjane. Nilipopita msikitini wanawake waliniamkia kwa sauti za chini, kama nimebeba kitu wasichotaka kukigusa.

Msafara uliingia wakati wa kipupwe, upepo unapeperusha mchanga barabarani. Hapakuwa na ngoma. Tajiri alishuka mwenyewe, akawekewa kiti langoni, na karani akaanza kuita majina ya watu wa banda. Safari hii nilisimama karibu, nimtazame kila mmoja. Walikuwa wamekonda, wamepakwa mafuta ili wang'ae. Jina, naam. Jina, naam. Tajiri alihesabu kwa tasbihi, na kila punje iliyopita uso wake ulizidi kunyooka.

Likaitwa jina la mume wangu.

"Naam," ikasema sauti mwisho wa mstari.

"Naam," ikasema nyingine, hapa hapa ubavuni mwangu.

Yule wa sikio lililochanika aliziba kinywa chake kwa mkono wote. Alikuwa ameweka mtungi chini. Sikumngoja aseme. Nilipita mbele ya tajiri, nikapita mbele ya mnyapara na udi wake, nikaenda mpaka mwisho wa mstari. Palikuwa na kijana mpana wa mabega, mwenye chanjo za kabila jingine kabisa kwenye paji la uso. Alinitazama, na nikaona kuwa amenijua.

"Mnyapara ndiye kakupa jina hilo?" nikamwuliza.

"La, mama. Kanipa mwenyewe. Alisema yeye halihitaji tena."

"Nani kamzika?"

"Miye. Nimemlaza kwa ubavu, nimemwelekeza kibla, kama alivyoniomba. Kaniomba na salamu nikuletee, ila mnyapara kasema nsiseme, nitike tu."

Nyuma yangu karani alikuwa akimwambia tajiri kuwa wametimia. Tajiri akasema alhamdulillahi, na alisema kwa moyo, maana nilimwona machozi yakimlenga. Akaagiza joho liletwe. Watu wakaanza kupiga makofi, na yule kijana, kwa kuwa kila mtu alikuwa akipiga, naye akapiga.

Sikupiga kelele. Nguvu za kelele nilikuwa nazo mara ya kwanza. Nilivua vikuku vyangu nikavifunga katika pindo la kisutu, nikatoka kwa lango nikashika njia ya Kaole. Mjomba wangu nilimkuta mlangoni kwake, habari zimekwisha kumfikia, naye kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu kwa ajili ya ndoa yangu.

"Nasikia mumeo kaitika," akasema.

"Ameitika mara mbili, mjomba," nikamwambia. "Nipe nguo nyeupe. Nakwenda kukaa eda."